Memwari yangu ni nguzo moja ya daraja: hii kazi ya mito inalisha mtu?

Kijana_Kadutu

Jambo wakubwa. Niko mwaka wa mwisho wa ujenzi hapa Bukavu. Wenzangu karibu wote wamechukua memwari (kitabu cha utafiti cha kumaliza masomo) za nyumba za ghorofa, R+3, R+5, na wengi wana nakala za kaka zao wa mwaka jana za kutazamia. Mimi nimechukua daraja. Hata si daraja zima: ni nguzo moja iliyosimama katikati ya mto mdogo upande wa Kalehe, na swali la maji yanayochimba chini yake.

Sababu ni ya nyumbani. Mama yangu anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na anapita barabara ile kila wiki. Tangu Mei 2023, maji yalipoteremka kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, gari likifika kwenye daraja lile yeye anashuka, anavuka kwa miguu, anapanda tena ng'ambo. Dereva anamtukana, abiria wanacheka. Anasema gari likitaka kuanguka lianguke bila yeye. Nikaona basi, nikipima nguzo na kumwonyesha karatasi, huenda akatulia kwenye kiti chake.

Sasa nina mashaka mawili. La kwanza ni tumbo: kuna mtu hapa anayekula kwa kazi hii ya mito na madaraja? Baba mdogo anasema nimejitafutia njaa ya kusomea.

La pili ni vipimo vyangu. Nilikwenda Julai, maji yako magotini. Nikapima chini kuzunguka nguzo kwa mti na mita, nikapata shimo la sentimita 40. Mwalimu anayeniongoza akasema sentimita 40 si kitu, andika kwamba msingi uko salama, tufunge sura ya tatu. Lakini vijana wanaochimba mchanga pale walinicheka. Wanasema mwezi wa nne mvua kubwa ikishapita, wanatumbukiza mti wa mita 4 pembeni ya nguzo na wanaupoteza. Mmoja akaniuliza, "Enjenyere, wewe unapima mto ukiwa umelala?"

Nani anadanganya, wao au mita yangu?

Nguzo yenyewe ni kama ukuta: unene sentimita 80, urefu mita 4.80 kufuata mto, pua ya mviringo. Ni ya zamani, wazee wanasema ni ya enzi za Wabelgiji. Michoro hakuna. Maji siku hizi yanaigonga kidogo kwa ubavu, maana kona ya juu imehama.

Fundi_Nguba

Mdogo wangu, nikwambie ukweli kabla wasomi hawajaamka. Bukavu watu wanajenga nyumba. Kwenye mteremko, kwenye bonde, juu ya mfereji, mahali popote penye upana wa kitanda. Mwenye nyumba anakulipa Jumamosi. Mto unakulipa lini? Maliza memwari yako, chukua hizo sentimita 40, mpe mwalimu anachotaka, uje shantie, kwenye kazi za ujenzi, nikufundishe kupiga hesabu ya zege. Na mama yako mwache ashuke, miguu ni yake.

Mama_wa_Mto

Kijana wa Kadutu, hakuna anayedanganya. Mita yako imesema kweli ya Julai, na wachimba mchanga wamesema kweli ya Aprili. Kosa litakuja siku utakapoandika kweli ya Julai kana kwamba ni ya mwaka mzima.

Sikiliza kinachotokea pale. Maji ya mafuriko yanakuja kwa kasi, yanagonga uso wa nguzo. Hayana pa kwenda mbele, basi sehemu yake inapiga mbizi, inashuka na uso wa nguzo mpaka chini, inakwangua mchanga, halafu inajiviringisha kuizunguka nguzo pande zote mbili kama mtu anavyojifunga kitenge kiunoni. Ule mviringo ndio unaochimba. Unachimba mbele zaidi, kwenye pua, mahali ambapo mtu aliyesimama juu ya daraja haoni chochote ila tope la rangi ya chai ya maziwa. Mafuriko yakianza kupungua, nguvu inaisha, na mchanga unaoteremka kutoka juu unadondokea humo humo. Shimo linajaa. Ukifika wiki tatu baadaye unakuta mto umeshapangusa mdomo. Wewe umefika miezi mitatu baadaye.

Kwenye nyaraka za kazi utakuta neno la Kifaransa *affouillement*. Mimi kwa Kiswahili nasema kuchimbwa kwa msingi, na wachimba mchanga wanaelewa mara moja kuliko mawaziri.

Kwa hiyo rudi. Usiende na mti mnene. Tafuta chuma cha 16, yaani nondo ya milimita 16, mita 4, kikwaruze alama kila sentimita 20. Simama kwenye pua ya nguzo upande wa juu wa mto, kisukume kwa mikono, bila nyundo. Mchanga uliojaza shimo ni mlegevu, haujakaa. Chuma kitazama kama kwenye ugali wa moto. Kikifika kwenye kitanda cha zamani cha mto, kokoto zilizobanana, mkono wako utajua: kinagoma, kinalia. Andika kimo hicho. Hilo ndilo shimo. Rudia kila nusu mita kuzunguka nguzo, kisha rudia mita 10 mbali na nguzo upate cha kulinganishia. Na uende na watu wawili wenye kamba, Julai isikudanganye. Nimeona mvua ikinyesha milimani na sisi tumesimama kwenye jua.

Ninajuaje kwamba Julai inadanganya? Kwa sababu mimi ilinidanganya, na mimi nilitia sahihi.

Nilisoma Politekniki Lubumbashi. Memwari yangu ilikuwa ya zege, kama hao wenzako. Mito sikuijali, Lubumbashi mto unautafuta. Kazi ya kwanza nikapewa barabara ya kushuka kuelekea Uvira, baada ya Kamanyola, na huko kila baada ya kilomita chache mto unaruka kutoka mlimani unakatiza barabara kwenda mto Ruzizi. Nilipewa fomu ya kukagua madaraja. Ilikuwa Agosti. Kwenye daraja moja, jina nalihifadhi, nilishuka, nikaona mchanga mzuri mweupe umelala hadi kwenye ukuta wa kando, ule unaoshika udongo wa barabara. Kwenye kisanduku cha "msingi" nikaandika: *mzuri*. Nilikuwa na miaka 26, nina kofia mpya.

Aprili iliyofuata ukuta ule ukalala kifudifudi mtoni. Lori la saruji lilikuwa limeshavuka nusu, likabaki limening'inia magurudumu ya nyuma. Dereva na turnboi walitoka hai. Saruji ilikuwa mifuko 300, nayo ikawa jiwe palepale, nadhani mpaka leo iko mtoni. Mkubwa wangu hakunigombeza. Alinionyesha tu karatasi yangu yenye lile neno, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake. Nilitamani anigombeze.

Ndipo nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba wenye mali nao walipitia mlango huohuo. Tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu juu ya Schoharie Creek, jimbo la New York, liliporomoka wakati wa mafuriko. Watu 10 walikufa. Halikuwa daraja la kijijini. Lilikuwa la barabara ya kulipia. Vitako vya nguzo, yaani misingi yake, havikwenda chini sana, vimekaa juu ya udongo tu bila mihimili ya kuzama chini, na mawe ya kinga yaliyowekwa kuvizunguka yalikuwa yamesombwa kidogo kidogo miaka na miaka bila kurudishwa. Maji yakachimba chini ya nguzo namba 3, basi. Baada ya hapo ndipo Wamarekani wakalazimisha madaraja yao yote ya juu ya maji yakaguliwe kwa jambo hili, na wakatoa kitabu cha mwongozo kinachoitwa HEC-18. Toleo la tano ni la 2012, ni la bure kwenye intaneti. Mimi Kiingereza nilijifunza nikiwa na miaka 31, na nilijifunzia kwenye kitabu hicho. Mpaka leo siwezi kuagiza chakula London lakini naweza kukueleza nguzo inavyoanguka.

Baadaye nilipata bursa, ufadhili wa masomo, ya kwenda Liège, Ubelgiji, miaka miwili. Nikarudi.

Sasa tumbo. Fundi wa Nguba amesema kweli yake. Hutalipwa Jumamosi. Kazi hii inakuja kwa vipande: barabara ikipata fedha za Benki ya Dunia, za Umoja wa Ulaya au za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwenye masharti kuna sura ya masomo ya maji, na ofisi inayoshinda zabuni inatafuta mtu wa kuiandika. Wiki tatu, wiki sita, mara moja miezi minne. Kisha kimya, unafundisha, unapima viwanja. Ofisi za serikali zipo: Office des Routes ina barabara za kitaifa na OVD ina mitaa ya mjini. Huko unaweza kuajiriwa lakini mshahara unakuja kama mvua ya Juni. Kilichonilisha mimi hasa si madaraja, ni vituo vidogo vya umeme wa maji. Kila kituo kinahitaji mtu wa kusema mto una maji kiasi gani wakati wa kiangazi na unabeba mchanga kiasi gani wakati wa masika, na ni hesabu zilezile. Kivu yote ni milima na mito, na mradi wa Ruzizi III peke yake ni megawati 206. Watu wa zege ni wengi, watu wa mto tunajuana kwa majina.

Kazi ya siku yenyewe usiiwazie kompyuta. Nusu yake ni kukaa na bibi mmoja mlangoni kwake akuonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi, halafu unamuuliza jirani yake bila yeye kusikia. Unatafuta takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope ukutani. Unarusha chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, unahesabu sekunde kwa mita 20, unapata kasi, unaizidisha kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu yanakimbia kuliko wastani wa maji yote. Kutoka hapo unapata mwinuko wa maji na mteremko, unaingia kwenye hesabu ya Manning, inayotoa kasi ya maji kutokana na kina, mteremko na ukwaru wa kitanda, na jioni ndipo kompyuta. Programu ya HEC-RAS ya hesabu za mto ni ya bure, QGIS ya ramani ni ya bure. Mvua: panda Lwiro, kwenye kituo cha utafiti. Watafiti wako pale tangu enzi za IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji iliyoanzishwa 1947, na wewe mto wako uko jirani kabisa. Vaa shati safi, omba kwa heshima, daftari za mvua utafunguliwa.

Na hilo la ubavu uliloliandika mwishoni kama mtu anayekohoa, ndilo lililoniamsha kitandani. Kapime pembe.

Mwana_Kalimabenge

Mama amesema vizuri, lakini naomba niongeze kutoka Uvira, kijana asije akadhani kila daraja linakufa kwa kuchimbwa.

Mimi si msomi, ni mkuu wa kikosi cha kazi za mikono, miaka 19 barabarani. Aprili 2020 Mulongwe ulipofurika nilikuwa hapa. Mto haukuja na maji peke yake. Ulikuja na mawe ya ukubwa wa gari, miti mizima na mizizi yake, mabati ya watu. Mawe yanafika kwenye daraja, uwazi unajaa, maji hayana pa kupita, yanapanda, yanatafuta barabara pembeni na kuikata. Ukija asubuhi unakuta daraja limesimama peke yake katikati kama meza, na mto unapita kando. Huku kwetu chini ya mlima kitanda cha mto kinapanda. Daraja nililovuka nikiwa kijana, mtu mzima alipita chini amesimama. Leo anapita ameinama. Tunatoa mawe kiangazi, masika yanarudi.

Kwa hiyo kijana, kabla ya kupima shimo, pima pia uwazi. Na tazama juu mlimani kama kuna ardhi iliyokatika.

Mama_wa_Mto

Mkuu wa kikosi, aksanti. Hilo walimu hawalifundishi na ndilo linaloua watu wengi kwetu. Mto mmoja unaweza kufanya yote mawili, kujaza daraja la chini na kuchimba la juu, usiku mmoja.

Kijana, ukiona miti imenasa kwenye nguzo, usiichukulie kama uchafu. Kwa maji, nguzo ya sentimita 80 yenye rundo la magogo mita 3 mbele yake si ya sentimita 80 tena.

Kijana_Kadutu

Nimerudi jukwaani baada ya siku 16. Samahani kwa kimya, chuma cha 16 kilinisumbua. (Fundi_Nguba alinitumia ujumbe faraghani akanipa kipande chake bure, na akasema nisiseme. Nasema.)

Tulikwenda watu watatu, na yule mchimba mchanga aliyenicheka akawa wa nne. Mita 10 mbali na nguzo, chuma kinaingia sentimita 30 kinagoma. Kwenye pua ya nguzo upande wa juu kiliingia, kiliingia, kiliingia. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Mita 2.70. Upande wa kushoto wa nguzo, ule unaogongwa, mita 2.40 hadi katikati ya ukuta. Upande wa kulia mita 1.10 tu. Yule kijana wa mchanga hakucheka safari hii, alishika chuma mwenyewe akasukuma.

Pembe nimeipima kwa kamba mbili na simu: kati ya digrii 18 na 22. Alama ya maji ya 2023 nilionyeshwa na bibi, na jirani yake akaonyesha palepale, tofauti ya kiganja. Inatoa maji ya kina cha mita 2 hivi kwenye nguzo. Kasi kwa Manning nimepata karibu mita 3 kwa sekunde.

Kina cha kitako sijui. Mzee mmoja ambaye baba yake alibeba mawe wakati wa ujenzi anasema walichimba "kimo cha mtu na mkono umeinuliwa". Nimemsimamisha mjukuu wake nikampima: mita 2.15.

Mwalimu wangu nimemwonyesha. Alinyamaza, kisha akauliza nani amenifundisha chuma. Nikasema ni Mama mmoja wa kwenye jukwaa. Sasa anataka hesabu.

Mama_wa_Mto

Nimesoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni na maharage yameungua. Tufanye hesabu hapa hapa.

Kwa nguzo yenye pua ya mviringo inayotazamana sawasawa na maji, HEC-18 inasema shimo halizidi mara 2.4 ya unene wa nguzo kwa mto usio na kasi ya kupindukia. Wewe uwiano wako wa Froude (kasi ya maji ikilinganishwa na kina chake) ni kama 0.68, chini ya 0.8, kwa hiyo uko humo. 0.8 mara 2.4 ni mita 1.92. Ukiingiza kina chako na kasi yako kwenye fomula kamili utapata karibu mita 2.05, yaani inakata kwenye kikomo hicho. Angalau mjenzi wa zamani hakuwa mjinga: alikwenda mita 2.15. Nguzo yake ilitazamana na mto, na kwa mto ule wa siku zile ilitosha, ingawa kwa kiganja.

Lakini mto umehama. Nguzo ni ukuta mrefu mara 6 ya unene wake, na ukuta ukigongwa kwa ubavu, maji hayaoni tena sentimita 80, yanaona sehemu ya urefu pia. Kuna kizidishi cha pembe: chukua kosaini ya pembe, ongeza urefu kugawa unene mara sine ya pembe, vyote vipandishe kwa nguvu ya 0.65. Kwa digrii 20: 0.94 jumlisha 6 mara 0.342, ni karibu 2.99, kwa nguvu ya 0.65 ni 2.04. Shimo linaongezeka maradufu, na kile kikomo cha 2.4 hapa hakikulindi, maana kiliwekwa kwa nguzo iliyonyooka na maji. Unafika mita 4 na kidogo.

Fomula hii ilizaliwa kwenye mifereji ya maabara yenye mchanga, na kwenye kokoto kubwa huzidisha. Kwa hiyo usiandike kwamba shimo *ni* mita 4. Andika mambo matatu kwa pamoja: hesabu inatoa hadi mita 4, chuma kimegusa mita 2.70, na kitako kinadhaniwa kuishia mita 2.15. Hayo mita 2.70 yalishatokea. Hayahitaji fomula. Kama mzee anakumbuka sawa, kuna usiku mmoja ambapo sehemu ya nguzo hiyo ilisimama juu ya maji, na magari yalipita asubuhi.

Mwambie mama yako aendelee kushuka.

Kinachofuata: mawe ya kinga. Usimkubali mtu atakayemwaga lori la mawe ya kujengea kuta. Uzito wa jiwe ambalo mto unaweza kulisogeza unakua kwa nguvu ya sita ya kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, jiwe linalosogezwa ni zito mara 64. Ndiyo maana mawe yanayoonekana makubwa Julai yanateremka Aprili kama njugu. Na yakimwagwa juu ya mchanga mlegevu bila tabaka la kokoto au kitambaa chini yake, yanazama polepole mpaka yanapotea. Nimeona miradi miwili ya namna hiyo. Kila mmoja ulikuwa na bango kubwa kuliko mawe yake. Zaidi ya mawe, dawa ya kweli ni kuirudisha kona ya juu mahali pake, ili maji yaitazame nguzo uso kwa uso. Hiyo ni kazi ya gabioni (vikapu vya waya vilivyojaa mawe) na mianzi na maongezi na wenye mashamba.

Pia vijana wa mchanga. Wanachimba umbali gani na daraja?

Kijana_Kadutu

Mita 15 hivi, upande wa chini. Wengine hadi chini ya daraja lenyewe, kuna kivuli.

Mama_wa_Mto

Nilihofia hivyo. Tarehe 4 Machi 2001 Ureno walipoteza watu 59 pale Entre-os-Rios, basi moja na magari matatu, daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro. Mchanga ulikuwa umechotwa mtoni miaka mingi, kitanda kikashuka, nguzo ikabaki bila shati. Ukichimba upande wa chini wa daraja, kule mto unakoelekea, shimo halikai pale ulipolichimba. Linapanda mto kidogo kidogo hadi linafika kwenye nguzo.

Fundi_Nguba

Na mchanga huo ndio ninaojengea mimi. Leo nimeuliza lori langu linatoka wapi. Dereva amesema "Kalehe huko", nikanyamaza.

Kijana, nina swali la kifundi tu. Mawe ya kilo ngapi kwa moja? Nina mtu mwenye machimbo upande wa Katana, mawe meusi, mazito.

Mama_wa_Mto

Fundi, kwa mita 3 kwa sekunde na nguzo ya ubavu, usiniletee jiwe ambalo wanaume wawili wanalibeba wakicheka. Nitakupa namba kamili nikiona kasi imepimwa Novemba, maji yakiwa mengi, si ya kukisia kwa Manning.

Kijana_Kadutu

Nimezungumza na wa mchanga jana. Yule aliyekuwa wa nne, ndiye mkubwa wao, ana watoto wanne. Nikamweleza kuhusu shimo linalopanda mto. Ameelewa haraka kuliko mwalimu wangu. Akasema wanaweza kuhama mita 200, lakini huko lori halifiki, mchanga utabebwa kichwani, na mnunuzi hataongeza hata faranga. Akaniuliza, "Nikihama, hiyo tofauti nani ananilipa, daraja?" Sikuwa na jibu.

Kuna kikao na chifu na watu wa barabara Alhamisi ya wiki ijayo. Mwalimu amesema atakuja. Niende na nini?

Mama_wa_Mto

Nenda na chuma cha 16, usikioshe tope. Mpeleke na huyo mkubwa wa mchanga, akae kwenye kiti, si kusimama mlangoni. Swali lake alilete yeye mwenyewe mbele ya chifu kama alivyokuuliza wewe, na barabara ya lori ya mita 200 iingie kwenye bei ya mawe. Ni siku mbili za trakta. Hesabu zako usizisome, watasinzia. Waambie mita 2.70 na 2.15, kisha umsimamishe yule mjukuu wa mzee katikati ya kikao ainue mkono.

Nami nitumie picha ya kona ya juu, iliyopigwa ukiwa umesimama kwenye pua ya nguzo. Zile ulizotuma zote zimepigwa kutoka barabarani.